Safu Wima za Spika katika Sebule za Mara

Spika za safu wima ni spika ambazo koni zake, yaani zile sahani za karatasi au plastiki zinazosukuma hewa, zimepangwa moja juu ya nyingine katika mstari mrefu ulionyooka, zote zikipokea umeme uleule na kutetemeka kwa wakati mmoja, hivi kwamba sikio hulipokea wimbi kana kwamba limetoka kwenye utepe mmoja uliosimama. Watu wengi wa Musoma, Bunda na Butiama wamekwisha kuziona bila kuziita jina hilo: ni yale maboksi membamba marefu yanayofungwa kwenye nguzo za makanisa na misikiti, na ni zile spika zinazoning'inizwa pande mbili za jukwaa kwenye mikutano mikubwa na matamasha, zikiwa zimepinda kwa chini kama mkia. Swali linalochambuliwa hapa ni dogo kwa eneo lakini gumu zaidi kwa majibu: kanuni hiyo ikiletwa sebuleni, katika nyumba ya tofali na bati ya mkoa wa Mara, ni safu ya namna gani ichaguliwe, na kwa kuangalia nini. Hoja itakayotetewa ni kwamba uchaguzi huanzia kwenye dari ya chumba na mahali wanapokaa wasikilizaji, na kwamba mambo mawili hayo yakishajulikana, maswali mengi ya spika yenyewe, pamoja na bei yake, hujijibu.

Sauti itokayo kwenye nukta moja huenea pande zote kama puto linalojazwa hewa, na kwa kuwa eneo la puto hukua upesi kuliko kipenyo chake, kila msikilizaji anapouongeza umbali maradufu sauti hupungua kwa decibeli 6, decibeli ikiwa ni kipimo cha ukubwa wa sauti. Sauti itokayo kwenye mstari mrefu huenea kama pipa linalonenepa ubavuni bila kurefuka, kwa hiyo umbali ukiongezeka maradufu upungufu ni decibeli 3 tu. Tofauti hiyo huonekana ndogo mpaka ipimwe sebuleni: ili mtu aliyekaa mita 4 apate decibeli 80, mtu aliye mita 1 kutoka kwenye spika ya nukta itambidi avumilie decibeli 92, ilhali kwa spika ya mstari atapata 86. Katika nyumba ambayo babu amepewa kiti cha karibu na redio, watoto wamekaa mkekani, na wageni wengine wamesimama mlangoni, faida hiyo ina maana kubwa kuliko ilivyo kwa mpenzi wa muziki anayesikiliza peke yake, kwenye kiti kimoja kilichopimwa kwa futikamba. Maandishi mengi ya kigeni kuhusu spika humchukulia msikilizaji kuwa huyo wa kiti kimoja. Sebule ya Mara haimjui.

Hata hivyo mstari haubaki mstari daima. Msikilizaji akienda mbali kupita kiasi fulani, safu nzima humwonekea kuwa nukta na faida yote hupotea, na kiasi hicho hutegemea urefu wa safu pamoja na masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, ambayo hupimwa kwa hezi. Mpaka hupatikana kwa kuuzidisha urefu wa safu kwa wenyewe, kisha kwa masafa, halafu kugawanya kwa mara mbili ya kasi ya sauti, ambayo katika joto la kawaida la pwani ya Ziwa Nyanza ni karibu mita 345 kwa sekunde. Safu ya mita 2.2 hubaki mstari hadi mita 7 kwa sauti ya hezi 1,000, hadi mita 2 hivi kwa hezi 300, na kwa hezi 100 mpaka hurudi nyuma hadi sentimita 70. Safu ya mita 1, kwa hezi zilezile 1,000, hufika mita moja na nusu tu, na ya sentimita 60 hufika nusu mita. Hesabu hii fupi inatosha kuondoa udanganyifu mmoja ulioenea madukani, kwa sababu boksi la mita 1 lenye koni tatu au nne, hata likiitwa mnara na hata likiwa na taa za rangi mbele yake, halifanyi kazi ya safu kwa mtu aliyekaa kwenye kochi lililo mita 3 kutoka hapo. Ni spika ya kawaida iliyorefushwa, na linastahili kununuliwa au kuachwa kwa sifa za spika ya kawaida.

Kanuni yenyewe si mpya. Harry Olson, mhandisi wa kampuni ya RCA ya Marekani, aliieleza kwa kina katika vitabu vyake vya akustika, yaani elimu ya mwenendo wa sauti, kikiwemo Acoustical Engineering cha mwaka 1957, na katika muongo huohuo safu zilikuwa zimekwisha kuanza kutumika katika makanisa makubwa ya Ulaya, ambako mwangwi uliyameza maneno ya wahubiri. Mwaka 1974 kundi la Grateful Dead la Marekani lilizunguka na ukuta mzima wa spika zilizopangwa kwa safu. Mageuzi makubwa zaidi yalikuja mwaka 1992, pale Wafaransa Christian Heil na Marcel Urban walipoonyesha kwa hesabu masharti ambayo spika nyingi zilizopangwa lazima ziyatimize ili mawimbi yake yaungane kuwa moja, na kutokana na kazi hiyo kampuni ya L-Acoustics ikatoa V-DOSC, mfumo uliobadili sura ya majukwaa duniani kote. Mifumo hiyo ya kuning'iniza imepinda kwa sababu inalenga watu waliosambaa kutoka mita 5 hadi mita 100, na kuinunua iliyokwisha kutumika ukumbini kwa ajili ya sebule, kama wafanyavyo baadhi ya watu wanaopata bei nzuri, ni kosa: vipande viwili au vitatu vyake havifiki urefu wa kuwa mstari, na midomo yake ya sauti kali imetengenezwa kwa ajili ya umbali ambao hakuna sebule inayoweza kuutoa.

Sebule inayozungumzwa hapa inajulikana. Kuta ni za tofali za kuchoma au za bloku, zimepigwa lipu na kupakwa rangi ya mafuta hadi kiunoni. Sakafu ni saruji iliyosuguliwa au vigae. Madirisha yana nondo na wavu wa mbu. Chumba cha mita 4 kwa 5 chenye dari ya mita 3 kina mita 60 za ujazo wa hewa na mita za mraba 94 za nyuso ngumu, na nyuso hizo hunywa karibu asilimia 3 tu ya sauti inayozigusa. Njia ya kujua matokeo yake iligunduliwa na Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard, ambaye mwaka 1895 alipewa kazi ya kurekebisha ukumbi wa mihadhara usiosikika, akawa anabeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine usiku na kupima jinsi kila mto ulivyoufupisha mwangwi. Kanuni yake huuzidisha ujazo wa chumba kwa 0.161 na kuugawanya kwa jumla ya unywaji wa sauti, na jibu ni muda wa mwangwi, yaani sekunde zinazopita kabla sauti iliyokatizwa haijafifia kwa decibeli 60. Chumba kile kikiwa kitupu hutoa sekunde 3.4, muda unaoweza kufaa kwaya ya kanisa kubwa lakini usiofaa taarifa ya habari wala gitaa.

Kipimo alichotumia Sabine kina maana ya pekee kwa watu wa Musoma, kwani kizio chake kilikuwa dirisha lililo wazi: mita moja ya mraba ya dirisha lililofunguliwa hunywa sauti yote inayoifikia, kwa sababu sauti hutoka nje na hairudi. Katika mji ambao joto la alasiri huwafanya watu waache madirisha wazi ili upepo wa ziwa uingie, madirisha mawili ya mita moja na nusu ya mraba kila moja huongeza vizio 3, yaani zaidi ya kuta, sakafu na dari vikijumlishwa, na mwangwi hushuka hadi sekunde 1.7 kabla ya kununuliwa chochote. Makochi ya vitambaa, zulia nene, pazia zito lililokunjamana na watu sita, ambao kila mmoja hunywa kama nusu kizio katika masafa ya kati, huweza kuifikisha jumla kwenye vizio 12, na hapo mwangwi huwa sekunde 0.8, kiwango ambacho sebule huanza kufaa muziki. Pazia jepesi lililovutwa likanyooka halisaidii sana, wala mkeka mwembamba juu ya saruji. Anayetaka kutumia pesa kwa busara atanunua zulia na pazia la kitambaa kizito kabla ya spika, na ushauri huu, ambao wauzaji hawana sababu ya kuutoa, ndio wenye faida kubwa kuliko mengine yote katika uchambuzi huu.

Hesabu hiyohiyo inaleta pingamizi ambalo haifai kulikwepa. Katika chumba cha sekunde 0.8, sauti itokayo pande zote kutoka kwenye nukta huzidiwa na mwangwi wake yenyewe mara tu msikilizaji anapopita nusu mita kutoka kwenye spika. Kuanzia hapo anasikia zaidi chumba kuliko spika, na ile tofauti ya decibeli 3 na 6 hufunikwa. Mtu anaweza kuuliza basi safu ina kazi gani. Jibu ni kwamba safu haitoi sauti pande zote: huitandaza kulia na kushoto, lakini hairuhusu nyingi kupanda darini wala kushuka sakafuni, ambazo ndizo nyuso mbili zisizo na pazia wala rafu ya kuzifunika, na kwa hiyo huipa sauti ya moja kwa moja nafasi ya kufika mbali zaidi kabla ya kuzidiwa. Faida ya kwenye hesabu hupungua sebuleni, haifutiki. Kinachobaki bila tiba ni kuta za pembeni, kwa kuwa safu hupeleka huko sauti nyingi kama spika nyingine yoyote, na ndiyo maana inafaa isimame walau sentimita 80 kutoka ukuta wa pembeni, na mahali ambapo wimbi la kwanza hugonga ukuta pawekwe kabati la vitabu au pazia zito.

Dari ndiyo inayoamua umbo la safu, na nyumba za Mara zina dari za hali tatu. Hali ya kwanza ni dari tambarare na ngumu, ya zege katika nyumba ya ghorofa au ya jipsamu iliyofungwa vizuri, juu ya sakafu ya saruji. Nyuso mbili ngumu zinazoelekeana hufanya kazi kama vioo viwili: safu inayokaribia kugusa zote mbili huiona taswira yake juu na chini, na taswira ya taswira, mpaka sauti ikawa kama inatoka kwenye mstari usio na mwisho. Hapo safu iliyonyooka ya mita 2.2 hadi 2.8 ndiyo chaguo bora, na sakafu ya saruji, ambayo kwa spika ya kawaida ni kero, hugeuka kuwa sehemu ya spika. Hali ya pili ni dari ya ubao mwembamba au siling bodi iliyopigiliwa kwa nafasi, ambayo hutetemeka na kuvujisha sauti nzito kwenye paa. Safu iliyonyooka hufaa bado, ingawa mbao zilizolegea zitalia, na fundi seremala aliyeitwa kukaza misumari kabla ya spika kuwasili atakuwa amefanya kazi ya akustika bila kuijua. Hali ya tatu ni nyumba isiyo na dari, ambamo bati linaonekana kupitia kenchi na mteremko wake unapeleka sauti upande mmoja. Hapo kioo cha juu hakipo, na ncha ya juu ya safu iliyonyooka huacha mawimbi yaliyokatika yanayopanda kwenye bati na kurudi yamechelewa.

Kwa nyumba ya namna ya tatu inafaa zaidi safu iliyopinda, ambayo Don Keele wa Marekani ameiendeleza tangu mwaka 2000 kutokana na utafiti wa awali wa vyombo vya kusikilizia chini ya bahari vya jeshi la majini la nchi hiyo. Koni zake zimepangwa katika tao linaloanzia sakafuni na kulalia nyuma kadiri linavyopanda, na za chini hupewa nguvu kamili huku za juu zikipunguziwa hatua kwa hatua, ili mwisho wa safu ufifie badala ya kukatika. Muundo huu huhitaji kioo kimoja tu, sakafu, na sakafu ya saruji ndicho kioo ambacho karibu kila nyumba ya mkoa huu inacho. Kwa sababu hiyo zulia liwekwe mbali kidogo, mbele ya makochi, si mguuni pa safu. Mvua ikinyesha kwa nguvu juu ya bati tupu, hata hivyo, hakuna safu itakayoishinda, na anayetaka kusikiliza muziki mwezi Aprili aweke dari kwanza.

Masharti ya Heil na Urban yanarudi tunapofika kwenye nafasi kati ya koni. Mawimbi ya koni mbili zilizo jirani huungana vizuri ikiwa umbali kati ya vituo vyake ni mdogo kuliko urefu wa wimbi, na ni salama zaidi ukiwa nusu yake. Koni za inchi 3 zilizopangwa kila baada ya sentimita 9 huvuka mpaka huo karibu na hezi 3,800, na dalili za kuachana huanza chini kidogo ya hezi 2,000. Juu ya hapo msikilizaji akiinama au akisimama husikia rangi ya sauti ikibadilika, kwa kuwa mawimbi ya koni tofauti humfikia yakiwa yamepishana na kufutana hapa na pale. Sauti ya hezi 10,000 ina wimbi la sentimita 3.5 tu, urefu ambao hakuna koni ya kawaida inayoweza kuufuata. Kwa hiyo safu nzuri huwa na mistari miwili sambamba, mmoja wa koni na wa pili wa twita, ambazo ni spika ndogo za sauti nyembamba, zikiwa zimebanana kabisa, au wa utepe mwembamba wa metali unaoshuka bila kukatika. Utepe ndio bora kwa sikio, lakini ni dhaifu mbele ya vumbi na safari, na mzigo unaoshuka Dar es Salaam husafirishwa zaidi ya kilomita 1,300 hadi Musoma. Kwa anayeishi Bunda, ambako kiangazi vumbi huingia kila upenyo, safu ya twita ndogo zenye kuba la kitambaa ni uamuzi wa kiasi zaidi.

Besi ni jambo la peke yake. Hesabu ya mpaka imekwisha kuonyesha kwamba chini ya hezi 100 safu ya sebuleni si mstari tena, na kuilazimisha itoe besi ni kuichosha; kazi hiyo iachiwe sabufa, yaani spika ya besi peke yake. Lakini sabufa hukutana na vipimo vya chumba, kwa sababu kila umbali kati ya kuta mbili una sauti yake unayoipenda, ambayo wimbi lake ni mara mbili ya umbali huo. Chumba cha mita 4 kwa 5 kwa 3 hupenda hezi 43, 34 na 57. Uzi mzito wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, hutoa hezi 41, kwa hiyo katika upana wa mita 4 noti hiyo na jirani zake huvimba na kungurumisha vioo vya kabati huku noti nyingine zikibaki za kawaida. Jambo hili linaugusa muziki wa mkoa wenyewe. Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa mwaka 1940 karibu na Shirati, kaskazini mwa Mara, na kufariki Kenya mwaka 2006, aliifanya benga ya bendi yake, Shirati Jazz, kuwa muziki ambamo gitaa la besi huimba na kujibizana na gitaa la mbele, kama nyuzi nane za nyatiti, kinubi cha Wajaluo, zinavyojibizana. Chumba kinachovimbisha noti moja ya besi humnyamazisha mwimbaji mmoja kati ya hao wawili. Litungu la Wakurya, lenye bakuli kubwa la mti na sauti nzito, huumia vivyo hivyo. Dawa ni kuiondoa sabufa kwenye kona, ambako huamsha sauti zote tatu, na kuiweka katikati ya ukuta wa mita 4, mahali ambapo ile ya hezi 43 haiamshwi. Safu inayofika kutoka sakafu hadi dari nayo haiiamshi ile ya kimo, ya hezi 57, kwa kuwa husukuma hewa sawasawa kutoka chini hadi juu.

Kama besi ni hoja ya muziki, konsonanti ni hoja ya maneno, na pengine ndiyo nzito zaidi. Silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa irabu, na irabu ndizo zenye nguvu kubwa na masafa ya chini, zinazodumu katika chumba chenye mwangwi na kuifunika konsonanti inayofuata. Maneno pika, fika, shika na zika yanatofautiana kwa sauti moja fupi tu ya mwanzo, ambayo kwa mengi ya maneno hayo nguvu yake iko hasa katika masafa ya juu; ikifunikwa na mkia wa neno lililotangulia, msikilizaji hubaki kukisia kwa maana. Mfano wa karibu uko Butiama, mahali alipozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922 na alipozikwa mwaka 1999, ambapo pia kuna makumbusho yake, na hotuba zake zilizorekodiwa husikilizwa nchini kote kila Oktoba 14. Ni sauti ya kusimulia, yenye kushuka hadi karibu kunong'ona kabla ya kupanda, na mizaha yake huwa ndani ya maneno madogo. Mfumo unaoirejesha hotuba hiyo bila kukisia, kwa mtu aliye mlangoni sawa na aliye mbele, unastahili kuitwa mfumo mzuri hata kama besi yake haitikisi meza. Hapa safu ya urefu wa kutosha haina mpinzani wa bei yake, kwa kuwa huwapelekea konsonanti waliokaa na waliosimama kabla dari haijazirudisha zimechelewa.

Umeme wa safu ni rahisi kuliko unavyodhaniwa. Koni 25 za ukinzani wa omu 8, ukinzani ukiwa ni kiasi ambacho koni huzuia umeme kupita, hugawanywa katika makundi matano. Ndani ya kundi koni tano huungwa kwa mfululizo na kutoa omu 40, kisha makundi yote huungwa sambamba na jumla hurudi kuwa omu 8, mzigo ambao amplifaya yoyote ya nyumbani huumudu. Kila koni hufanya sehemu moja ya ishirini na tano ya kazi, kwa hiyo husogea kidogo sana na haipigi kelele ya kuchoka, na wati chache hutosha kuijaza sebule. Upungufu wa mpango huu ni kwamba koni moja ikikatika waya wake wa ndani, kundi lake zima hunyamaza. Fundi mwenye mita ya kawaida ataipata kwa kupima moja baada ya nyingine, na ni busara kununua koni tatu au nne za akiba siku ileile, za aina ileile, kwa sababu aina hutoweka sokoni upesi. Nyaya za shaba za milimita za mraba 2.5, zile ambazo mafundi umeme hupitisha kwenye soketi, zinatosha. Umeme wa TANESCO unapopanda na kushuka, stabilaiza huilinda amplifaya. Anayetumia sola achague inveta ya wimbi laini, kwani zile za bei nafuu ambazo wimbi lake ni la ngazi huacha mvumo unaosikika katika kila kimya cha wimbo.

Kuna wanaoagiza safu iliyokamilika, kupitia Kariakoo, Mwanza au Nairobi kwa mpaka wa Sirari, na kuna wanaonunua koni na kumpa seremala kazi ya boksi. Njia ya pili haipaswi kudharauliwa, maana boksi la safu ni mche mrefu mwembamba usio na mikunjo, na seremala anayetengeneza kabati la nguo analiweza, mradi plaiwudi iwe ya milimita 18, ndani yawekwe viunzi vya kukaza kila nusu mita, na viungio vibanwe kwa gundi na skrubu. Boksi la mita 2.2 linalosimama sakafuni ni karamu kwa mchwa, kwa hiyo kitako kiwe cha chuma au kipandishwe juu ya jiwe, na Mara haina uhaba wa mawe. Karibu na ziwa, koni za plastiki hustahimili unyevu kuliko za karatasi, ingawa za karatasi mara nyingi husikika laini zaidi, na kitambaa cha mbele kinachovulika na kufuliwa huzuia vumbi na wale wadudu wadogo wa ziwani wanaovutwa na taa usiku.

Suala la safu moja au mbili halijapewa uzito linaostahili. Kununua jozi huchukuliwa kuwa lazima, lakini sehemu kubwa ya hazina inayosikilizwa katika nyumba hizi, yaani santuri za benga za miaka ya 1960 na 1970, kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam na hotuba, ilirekodiwa kwa mono, sauti moja isiyo na kushoto wala kulia. Sauti hiyo ikitolewa na spika mbili, husikika katikati kwa mtu aliyekaa katikati tu. Wengine wote huisikia ikitoka kwenye spika iliyo karibu nao. Safu moja ndefu iliyosimama kwenye ukuta mfupi huwapa wote mahali pamoja pa kuelekeza masikio, na kwa mwenye pesa za safu moja nzuri au mbili fupi, moja nzuri ndiyo sahihi; ya pili itakuja. Majirani nao wana haki yao, na kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, chini ya sheria ya mazingira, zinawalinda. Madirisha yaliyo wazi hunywa sauti kwa kuitoa kwao, na besi hupita hata yakifungwa.

Jaribio la mwisho kabla ya kulipa halihitaji chombo. Iwekwe rekodi ya mtu anayesema Kiswahili, kwa sauti ya mazungumzo ya kawaida, madirisha yakiwa jinsi yanavyokuwa siku zote. Mtu mmoja akae mkekani karibu na safu, wa pili kochini, wa tatu asimame mlangoni, na kila mmoja aandike maneno anayoyasikia bila kuangalia ya mwenzake. Karatasi tatu zikilingana, na wa mkekani asiwe ameomba sauti ipunguzwe wala wa mlangoni iongezwe, safu hiyo imepatana na chumba. Zikitofautiana kwa wa mlangoni peke yake, chumba kinadai zulia na pazia. Zikitofautiana mtu anaposimama na kukaa mahali palepale, koni zimeachana mno au safu ni fupi, na hapo spika irudi dukani.